DADA WA SHELI ASILIPE DENI LA MWIZI

1.
Najua wiki iliyopita niliahidi kuendelea na mada ya kumwanzishia mtoto chakula akifika miezi sita. Inakuja, msijali. Leo naomba mnivumilie niongelee jambo ambalo mtajiuliza nesi linamhusu nini: uporaji kwenye sheli.

Linanihusu kwa sababu wanaoumizwa kwenye matukio hayo wanaletwa kwetu. Na linawahusu ninyi kwa sababu ukiangalia vizuri, wanaosimama kwenye pampu usiku ni akina nani? Wengi ni mabinti na vijana wenye watoto wadogo nyumbani. Ni wadogo zetu. Inawezekana unayesoma hapa ndiyo kazi yako, au mume wako yuko huko sasa hivi.

Ni ndefu kidogo. Kama unanyonyesha, kaa vizuri tuendelee.

2.
Nawasimulia kisa kimoja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asijulikane, na nimeongea naye kwanza. Akaniambia, "Andika tu sista, labda kuna mtu atasaidika."

Nilikuwa naiti. Kama saa tisa usiku ikaingia bajaji mpaka mlangoni, ndani kuna dada wa miaka 20 na kidogo, amevaa fulana ya kazi ya sheli. Mkono wa kushoto umefungwa kanga, na kanga yote imelowa damu. Tulipofungua tukakuta jeraha la panga chini ya kiwiko, refu, limefika kwenye kano. Nikamwambia anyooshe vidole. Viwili vikakataa.

Tukafanya yanayotakiwa. Kuzuia damu, dripu, dawa ya maumivu, sindano ya pepopunda, kumwita daktari wa upasuaji. Nilipokuwa namvua ile fulana nikaona kifuani kumelowa, na siyo damu. Ni maziwa. Matiti yamejaa mpaka yamekuwa magumu. Ana mtoto wa miezi minne, amemwacha nyumbani na bibi yake.

Mimi nikadhani ataniuliza kuhusu mkono, au kuhusu mtoto. Akaniangalia akasema:

"Sista, zile hela nitalipa mimi?"

Nikajua amechanganyikiwa kwa maumivu. Nikamwambia, mdogo wangu, tushughulike na mkono kwanza. Akanyamaza kidogo, akauliza tena vilevile. Aliuliza mara tatu kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

3.
Kesho yake alipotulia ndiyo akanieleza.

Walikuja wawili kwenye pikipiki, wakajifanya wanaweka mafuta. Mmoja akachomoa panga, akamwambia toa mkoba. Ule mkoba wa kiunoni mnaoujua, wa kuwekea mauzo. Ndani kulikuwa na laki sita na elfu themanini, mauzo ya tangu jioni. Mlinzi alikuwepo, mzee wa watu, ana rungu na tochi, amekaa upande wa pili karibu na geti.

Dada hakutoa mkoba. Aliushika kwa mikono miwili wakavutana. Ndipo akakatwa. Wakauchukua, wakaondoka.

Nikamuuliza, kwa nini hukuwapa tu? Alicheka kwa uchungu. Akasema miezi miwili nyuma kuna gari ndogo ilijaza mafuta ikaondoka bila kulipa, na ile hela ilikatwa kwenye mshahara wake. Pale kazini kwao utaratibu ni mmoja: shoti ni yako. Hela ikipungua, kwa sababu yoyote ile, aliyekuwa zamu analipa.

"Sasa nilijua nikiwapa, nitalipa. Nikaona bora nivutane nao, labda wataogopa."

Jamani, huyu dada siyo jasiri kupita kiasi wala siyo mjinga. Alipiga hesabu ya haraka, akaona panga lina nafuu kuliko makato. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

4.
Hebu tupige hesabu yake na sisi.

Mshahara wake ni laki moja na elfu themanini kwa mwezi. Kodi ya chumba, chakula, nauli, hela ya bibi anayekaa na mtoto, nepi, hakuna kinachobaki. Deni ni laki sita na themanini. Ni mshahara wake wote wa karibu miezi minne. Mtu kama huyo unapompangia zamu ya usiku, peke yake kwenye pampu, na mkoba wa mauzo kiunoni, halafu unamwambia ukiibiwa utalipa, umemfanya awe sefu. Tofauti ni kwamba sefu haitoki damu.

Maoni yangu nayaweka wazi hapa hapa, anayetaka kubisha abishe: sheria hii ya "shoti ni yako" inapotumika kwa uporaji, inaumiza watu. Inamfanya mhudumu apigane na mtu mwenye silaha. Na haimzuii mwizi hata kidogo, kwa sababu mwizi hajali nani atalipa baadaye. Anayejali ni dada peke yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuzuia watu kuumizwa kwenye sheli haihitaji hata kamera. Mwenye kituo awaambie wafanyakazi wake, kwa maandishi, ukutani: ukivamiwa, toa hela, usibishane, hutakatwa hata senti.

5.
Wapo watakaosema, "Nesi, wewe hujui biashara. Hao wahudumu wengine wanapanga na wezi."

Sikatai. Wapo. Kwenye kila kazi kuna wasio waaminifu, hata hospitali wapo. Lakini sheria ya nchi imeshalifikiria hilo, wala siyo jambo jipya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi ili kufidia hasara, lakini kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aandike sababu ya deni, kiasi na jinsi alivyokipata. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara.

Soma tena hilo la kwanza: kwa kosa la mfanyakazi. Kuwekewa panga shingoni siyo kosa la mfanyakazi. Kama mwajiri anaamini mhudumu amehusika kwenye wizi, kuna polisi na kuna kumwita akajieleze. Kukata mshahara kimyakimya mwisho wa mwezi siyo uchunguzi.

Na ukisema robo ya mshahara, kwa dada yetu ni elfu 45. Hata kama angekuwa amekosea, kulipa laki sita na themanini kwa elfu 45 ni zaidi ya miezi 15. Mtoto atakuwa anatembea, mama bado analipa.

6.
Sasa tuje kwenye kuzuia. Kwa nini majambazi wanapenda sheli? Haihitaji kusomea. Iko barabarani, kwa hiyo kukimbia ni rahisi. Iko wazi usiku maduka mengine yakiwa yamefungwa. Mtu yeyote anaweza kusogea mpaka kwenye pampu bila kushtukiwa, maana ndiyo kazi yake kusogelewa. Na kuna hela taslimu, nyingi, mkononi mwa mtu mmoja.

Barabara huwezi kuihamisha. Kufunga usiku kila mahali haiwezekani, maana hata ambulensi yetu inaweka mafuta usiku. Kinachobaki ni hela. Hiyo unaweza kuipunguza.

Marekani walilijaribu jambo hili zamani, katikati ya miaka ya 1970, kwenye maduka ya 7-Eleven kusini mwa California. Maduka yale yanafanana na sheli kwa matatizo: yanafungua mpaka usiku, mhudumu mmoja, hela kwenye droo. Watafiti waliwauliza hata watu waliowahi kuwa waporaji wanaangalia nini kabla ya kuvamia. Wakasema wanaangalia hela iliyopo na njia ya kutorokea. Basi baadhi ya maduka yakapunguza hela kwenye droo, yakaongeza mwanga, yakaondoa vitu vilivyoziba vioo ili ndani paonekane kutoka nje, na wahudumu wakafundishwa kutobishana na mwizi. Maduka hayo yakavamiwa pungufu kwa takribani asilimia 30 ukilinganisha na yale yaliyoachwa kama yalivyokuwa.

Mwizi alipojua hakuna kikubwa cha kuchukua, mara nyingi hakuja. Na alipokuja, mhudumu alijua la kufanya.

7.
Kwa lugha ya sheli zetu, mambo yenyewe ni haya. Kama una mtu wako anamiliki au anasimamia kituo, mtumie.

Moja, sanduku la chuma la kutumbukizia hela, limefungwa kwenye zege, lina tundu la kuingiza tu. Ufunguo hakai nao mtu wa zamu. Kila mauzo yakifika kiasi fulani, tuseme laki moja, dada anatumbukiza. Hii inamlinda dhidi ya mwizi, na inamlinda mwajiri dhidi ya yule mhudumu anayepanga na mwizi. Kwa hiyo ile hoja ya "wanapanga nao" dawa yake ni sanduku.

Mbili, tangazo kubwa linalosomeka toka barabarani: hapa hela zinawekwa kwenye sefu, mhudumu hana ufunguo. Sefu ambayo mwizi haijui haimzuii kuja.

Tatu, usiku fungua pampu chache, zile za karibu na ofisi na taa. Kituo chenye pampu sita kinaweza kufanya kazi na mbili saa nane za usiku. Wahudumu wakae wawili pamoja, siyo mmoja huku mwingine kule gizani.

Nne, mwanga. Taa moja iliyoungua pembeni mwa uzio ndiyo mahali pikipiki inasubiri. Kubadilisha taa ni bei ndogo kuliko mafuta ya siku moja ya jenereta.

Tano, hela ziende benki mchana, kwa saa na njia zinazobadilika. Anayezipeleka asiwe dada kwenye bodaboda na mfuko mweusi wa rambo.

Sita, bunduki. Najua wengi mtasema aweke mlinzi mwenye bunduki. Mimi siipendi hiyo kama jibu la kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, hauonekani, na cheche moja inatosha. Moto wa petroli tumeuona Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka, wakafariki zaidi ya 100. Ile ilikuwa ajali, haikuwa uvamizi, lakini petroli ni ileile. Risasi katikati ya pampu, na wateja wamekaa kwenye magari na watoto? Mwenye uwezo wa kuweka walinzi waliofunzwa vizuri aweke, lakini aanze na kupunguza hela.

8.
Sasa sisi wateja. Msidhani hatumo.

Ukiweza, lipa kwa lipa namba. Najua kuna mtandao kukatika, najua kuna makato ya kutoa hela na kuweka hela. Lakini kila elfu kumi inayopita kwenye simu ni elfu kumi ambayo haiko kiunoni mwa yule dada. Ukishalipa, subiri mpaka aone ujumbe kwenye simu ya kituo. Kuna watu wanaonyesha meseji feki za malipo halafu wanaondoka, na akiingia mkenge, analipa yeye. Usikasirike akikwambia "subiri kidogo dada, bado haijaingia." Anajilinda.

Ukilipa taslimu usiku, toa hela inayolingana na mafuta. Ukitoa noti ya elfu kumi kwa mafuta ya elfu mbili saa saba usiku, unamlazimisha atembee na chenji nyingi.

Weka mafuta mchana. Hasa wewe mwenye mtoto mdogo na gari au bajaji. Taa ya mafuta ikiwaka jioni usiseme "nitaweka usiku nikirudi".

Usimwache mtoto kwenye gari lenye ufunguo ukaingia dukani kununua juisi. Anayekuja kuiba gari haangalii kiti cha nyuma. Zima gari, chomoa ufunguo, nenda na mtoto.

Na wale mnaojaza mafuta mkaondoka, au mnaombishia dada mpaka anachoka anawaachia, halafu mnasimulia kama ujanja: haumwibii tajiri. Pampu imehesabu lita. Jioni kuna binti anakatwa.

9.
Je, ukikuta uvamizi unaendelea na uko na mtoto?

Kama uko mbali bado hujaingia, usiingie. Pita kama huna habari, nenda mpaka penye watu, piga 112 polisi. Kama kuna moto, 114 zimamoto.

Kama umeshakuwa ndani, usikimbie ghafla na usitoe simu kurekodi. Kaa chini na mtoto, mweke upande ambao siyo wa pampu, mfunike kwa mwili wako, mwongeleshe taratibu sikioni. Akinyonya, mpe ziwa, litamnyamazisha. Wakitaka simu au pochi, toa. Hela inatafutwa.

Wakishaondoka, kuna mtu ameumia. Haya ndiyo ya kufanya kabla hajafika kwetu:

Damu inayotoka kwa kasi unaizuia kwa kukandamiza. Chukua kanga au kitambaa safi, weka juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu kwa mkono wote, usiwe unafungua kila mara kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Yule dada yetu alipona kwa sababu dereva wa bajaji alijua hilo, alimfunga kanga akamwambia ashike kwa nguvu njia nzima.

Usiweke kahawa, majivu, udongo wala dawa ya meno. Tunapoteza muda mwingi kuvisafisha na vinaleta maambukizi.

Kama kuna kitu kimechoma na bado kimo ndani, usikichomoe. Kiache, zungushia kitambaa, mlete hivyohivyo.

Usimpe chakula wala chai. Anaweza kuhitaji kuingia chumba cha upasuaji.

Kama amemwagikiwa petroli kwenye vurugu, mvue zile nguo haraka, mwoshe kwa maji mengi, na asisogelee moto wala mtu anayevuta sigara. Ikiingia machoni, maji safi yatiririke machoni kama dakika 15 au 20, halafu hospitali.

Na PF3? Kwetu aliye hatarini tunamhudumia kwanza, ndugu mmoja anakwenda polisi kufuatilia fomu. Msikae naye kituo cha polisi anatoka damu.

10.
Kwa wewe unayefanya kazi sheli, au una mume, mdogo au shemeji anayefanya huko. Hii ihifadhi.

Ukiumizwa kazini, hata kama ni na jambazi, hiyo ni ajali ya kazini. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao unachangiwa na mwajiri. Wewe hukatwi chochote. Mwambie mwajiri mapema atoe taarifa WCF, na utunze vyeti vyote vya hospitali, nakala ya PF3 na risiti. Wengi hawajui kwamba wana haki hiyo, wanabaki kuchangishana kwenye kundi la familia.

Usisaini karatasi ukiwa kitandani. Ukiletewa, sema "naomba nisome nikipona, nipeni nakala." Kusema hivyo siyo kosa.

Ukikatwa na hukubaliani, unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kuna muda: mgogoro wa kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30, migogoro mingine ya kazi ni ndani ya siku 60. Msisubiri mwaka uishe.

Kama umejifungua, sheria hiyohiyo ya ajira inakataza kupangiwa kazi ya usiku ndani ya miezi miwili ya kwanza, isipokuwa mama mwenyewe aombe na awe na cheti cha daktari kuwa yeye na mtoto hawatadhurika. Baada ya miezi miwili, ukiwa na cheti kwamba afya yako au ya mtoto hairuhusu, usipangiwe usiku. Na mama anayenyonyesha ana haki ya muda wa kunyonyesha, jumla isiyozidi saa mbili kwa siku. Njooni kliniki, semeni. Tunaandika.

Na jambo la mwisho la kiafya. Aliyevamiwa anaweza kukosa usingizi, kushtuka akisikia pikipiki, kulia bila sababu, kuona maziwa yamepungua. Hajarogwa, na siyo uvivu. Mwili umeshtuka. Wapo watakaokuambia maziwa ya mama aliyeshtuka yanamdhuru mtoto. Si kweli. Endelea kunyonyesha, mtoto akinyonya mara kwa mara maziwa yanarudi. Ila kama wiki zinapita hali ni ileile, njoo hospitali uongee na mtu.

11.
Mwisho wa kisa.

Asubuhi ile bibi alimleta mtoto. Nikamsalimia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu huku machozi yanamtoka. Tukampangia mito, mtoto akanyonya upande wa kulia, mama amemshika kwa mkono mmoja. Alinyonya kama hajawahi kuona ziwa.

Siku ya tatu akaja mtu kutoka kazini kwake, kaleta juisi mbili na karatasi. Karatasi ilikuwa ya kukubali deni. Nilimwambia asome kwanza. Akaniambia, "Sista, nikikataa kazi sina." Akasaini kwa mkono wa kulia, ambao bado mzima.

Kidole kimoja kimerudi. Kingine bado hakinyooki vizuri, anafanya mazoezi. Amerudi kazini, zamu ya mchana sasa. Mwezi uliopita walianza kumkata: elfu 60. Mnakumbuka robo ya mshahara wake ni ngapi? Elfu 45. Yaani hata wangekuwa sahihi kwamba ni kosa lake, bado wamezidisha.

Wiki iliyopita nilikuwa ofu. Tulikwenda wote CMA, mimi, yeye, bibi na mtoto mgongoni. Amejaza fomu. Tunasubiri kuitwa.

Aliniambia njiani kwamba ule mkoba bado anauvaa. Uleule mtindo, kiunoni, mauzo yote ndani. Hakuna sanduku la chuma lililowekwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa akiona pikipiki ina watu wawili anaanza kutetemeka.

Kwa hiyo kesho ukienda kuweka mafuta, msalimie yule dada. Lipa kwa simu kama unaweza. Na kama unamjua mwenye kituo, hata kama ni mjomba wako, muulize swali moja tu: wakivamiwa, nani analipa?

Majibu yake mtaniambia.

Wiki ijayo tunarudi kwenye uji na miezi sita. Usiku mwema, wabusuni watoto.

Nesi wenu.